Siku Niliyovua Miwani

Nyumbani kwetu, mdogo wangu akisema jambo la kuchekesha mezani, mama huinuka kwenda kuhesabu vidonge. Haendi kwa hasira. Anafuta mikono, anasogeza kiti, anashika njia ya chumbani, na sisi tuliobaki tunasikia kopo likifunguliwa na vidonge vikimwagwa kwenye kisahani. Akirudi anasema, "Viko sawa," kisha tunaendelea kula, ila kichekesho kimeshapoa na hakuna anayekitaka tena.

Mgeni angetuona watu wa roho mbaya. Ngoja nieleze.

Mdogo wangu tunamwita Redio tangu utotoni, kwa sababu alikuwa hazimiki. Ni fundi wa milango katika karakana moja ya useremala, na mkono wake ni mzuri. Mlango aliouweka yeye unaufunga kwa kidole kimoja. Alipofika miaka ishirini na minne akaugua ugonjwa wa akili. Daktari ana jina refu la ugonjwa wenyewe, lakini sisi nyumbani tunasema tu kupanda na kushuka, utadhani tunazungumzia ngazi. Akishuka, analala akiutazama ukuta, na ukimwita anaitika baada ya dakika nzima. Akipanda, halali, hali, anaongea usiku na mchana, na tena, hapa ndipo penye kasheshe, anachekesha. Anachekesha kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia.

Mara ya kwanza alipopanda hatukujua ni kitu gani. Ilikuwa kwenye sherehe ya shangazi kustaafu. Redio aliombwa aseme neno la dakika mbili, akashika maiki, akakaa nayo saa moja na nusu. Watu walivunjika mbavu. Bosi wa shangazi, mtu mwenye uso wa kudai ripoti, alitoka nje ya ukumbi akijishika tumbo. Mama alipita meza hadi meza akiwaambia watu kwamba huyo ni wake, ni kitinda mimba wake. Mimi nilicheka hadi nikapata kwikwi.

Wiki ileile tulirudi nyumbani tukakuta ameng'oa milango yote saba, wa choo ukiwemo. Alikuwa ameiegemeza ukutani kwa mpangilio, skrubu za kila mlango zikiwa ndani ya kikombe chake. Akatueleza kwa utulivu kwamba mlango ni tusi kwa watu wanaoaminiana. Hata hilo tulilicheka. Tulilicheka siku mbili nzima. Siku ya tatu akapanda juu ya tangi la maji la karakana kuwaonyesha wenzake kwamba kuanguka ni hofu tu, na mafundi wanne walimshika miguu akiwa tayari ameinama. Alilazwa mwezi mzima.

Kuanzia hapo kicheko kikawa dalili nyumbani kwetu. Hatukukaa kikao tukalipitisha, lilitokea tu. Miaka sita ikapita sijacheka jambo lolote alilolisema mdogo wangu. Yeye akisema, mimi napima.

Na kupima ndiyo kazi yangu. Ninakagua mizani za madukani, za maghalani, na zile za zahanati zinazopimia watoto wachanga. Natembea na sanduku la mawe ya shaba, nayashika kwa glavu kwa sababu hata mafuta ya vidole huyaongezea uzito. Naitazama mizani ikiwa tupu, naweka jiwe, naondoa jiwe, natazama kama mshale umerudi kwenye sifuri. Wengi hudhani mizani mbovu utaijua ikibebeshwa. Mara nyingi utaijua ukishautua mzigo, maana hapo ndipo inaposhindwa kurudi. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na mitano na bado ninaipenda, jambo ambalo Redio anasema nami nilipaswa kulipeleka kwa daktari.

Basi mwaka jana, akiwa mzima kwa mwaka wa pili mfululizo, alinifuata ofisini saa ya chakula. Akakaa juu ya mizani ya magunia, akasoma kilo zake, akashuka. Kisha akaniambia kwamba Kinyozi, yule anayemnyoa kila mwezi, ameanzisha uchekeshaji wa jukwaani Jumapili alasiri, juu ya saluni yake, kwenye darasa la shule ya udereva. Wanapanda watu wanne au watano, kila mmoja dakika kumi. Kinyozi alikuwa amemsikiliza kwenye kiti mara nyingi na alitaka naye apande.

Nikamwuliza atasema nini. Akasema ataeleza ugonjwa wake.

Niliweka kijiko chini. Kwa mara mbili alizolazwa, mama aliwaambia majirani kwamba Redio yuko kwenye kozi ya useremala. Jirani mmoja akawa anashangaa ni kozi gani hiyo mtu anarudi amenenepa na hana cheti. Sisi wenyewe, ndani ya kuta zetu, hatujawahi kutamka neno ugonjwa mbele ya sahani. Na huyu sasa anataka kulitamkia kwenye maiki.

Nikamwuliza kwa nini. Sikumwuliza kwa kumkatalia, nilitaka kweli kujua.

Alifikiri kidogo. "Wodini tulikuwa tunachekeshana sana, Dada," akasema. "Watu wagonjwa, wamechoka, wana dawa mwilini, tunacheka. Tangu niugue, pale ndipo mahali pekee niliposema kichekesho na hakuna aliyeinuka."

Nilikula chakula kilichobaki bila kujua ninakula nini.

Mama alikataa siku tatu. Siku ya nne akalegeza kamba, lakini kwa masharti, na mama akitoa masharti hata mwanasheria hakuti pa kupenya. La kwanza, mimi nikae mstari wa mbele. La pili, nikiona anapanda, nitoe ishara, naye ataweka maiki chini palepale. La tatu, akishateremka kwa ishara hiyo, jukwaa basi tena maisha yake yote. Redio akauliza kama ni maisha yote kweli. Mama akasema ndiyo, kwa sababu safari hii akienda kwenye tangi huenda mafundi wanne wasiwepo.

Redio akakubali. Ishara aliichagua mwenyewe. Akasema nivue miwani, maana mimi bila miwani simtofautishi mtu na kabati, na siivui ila ninapolala. Hapo hakuwezi kutokea makosa, akasema. Akaongeza sharti moja la kwake, nami nililisifu: ishara ikishatolewa, asiibishie, wala sisi tusiijadili. Akipanda huwa na maneno ya kumshinda hakimu, na yeye mwenyewe anajijua.

Tukapeana mikono watatu jikoni, kama watu wanaouziana nyumba.

Nilikuwa na wiki tatu za kujiandaa, na shida yangu ilikuwa moja tu. Nitamtofautishaje mtu anayechekesha kwa sababu anaumwa na mtu anayechekesha kwa sababu anajua kuchekesha? Mshale gani huo nitautazama? Nilinunua daftari. Nikaandika kila anapochekesha nyumbani: amelala saa ngapi, ameongea kwa kasi gani, ameruka mada ngapi. Redio akaliona daftari lenyewe mezani, akalifungua, akaandika chini ya mwandiko wangu: "Mgonjwa amepiga chafya. Haikuwa ya kuchekesha."

Nikaenda kliniki kumwuliza muuguzi anayemhudumia, mama mmoja mwenye sauti ya chini na saa iliyobanwa kifuani. Alilitazama daftari kwa adabu. Akasema usingizi niuandike, huo ni muhimu kweli. Mengine akanirudishia. Akaniambia nisimpime kwa anavyochekesha watu, nitazame kama anawasikia.

Neno hilo nililichukua, ila sikulielewa mpaka nilipokwenda kwenye lile darasa la udereva kama mtazamaji, Jumapili mbili mfululizo. Nilikaa nyuma na saa yangu ya mkononi. Nilitazama wachekeshaji, hasa waliposhindwa, maana huko ndiko kwenye mafunzo. Kumbe nusu ya kazi yao ni kunyamaza. Mzoefu anasema neno lake kisha anasimama, sekunde mbili, tatu, anawangojea watu wafike. Mgeni anaogopa ule ukimya, anaujaza maneno, na watu wanabaki njiani. Nikajaribu kukumbuka sherehe ya shangazi. Saa moja na nusu, na sikukumbuka mahali hata pamoja alipotungojea. Tulicheka huku tukimkimbilia.

Siku yenyewe nilifika mapema kupita kiasi. Darasa lilikuwa na viti vya plastiki kama sitini, usukani uliofungwa kwenye meza, na kuta zote nne zimejaa chati za alama za barabarani. Jukwaa lilikuwa makreti mawili ya mbao yaliyofunikwa zulia. Nyuma yake, juu kidogo ya kichwa cha anayesimama, kulikuwa na ile alama nyekundu ya pembe nane inayomwamuru dereva asimame. Nikakaa mstari wa mbele.

Mara kiti cha pembeni yangu kikavutwa. Alikuwa mama. Alikuwa ameapa kwamba haji, hawezi kukaa kutazama mwanawe akijianika. Akakaa, akaweka mkoba mapajani, na mkoba ulipogusa goti langu nikasikia kopo la vidonge likilia ndani yake.

Kinyozi alimtambulisha kwa maneno mafupi. Redio akapanda akiwa na shati lake jeupe la kazini, lililopigwa pasi. Akatutafuta kwa macho, akamwona mama, akashtuka kidogo, akashika maiki.

"Mimi nina ugonjwa wa akili," akasema.

Darasa lilikuwa kimya hadi nikasikia mashine ya kunyolea huko chini. Nikahesabu sekunde nne.

"Mtu akisema ana kisukari mnampa pole," Redio akaendelea. "Mimi mnaangalia mlango uko wapi." Watu kadhaa walikuwa wameangalia mlango kweli. "Upo palepale. Sijaung'oa bado."

Kicheko cha kwanza kilikuwa kidogo, cha watu wanaoulizana kama inaruhusiwa. Akakingoja kiishe. Akawaeleza kuhusu ile karatasi inayokuja na vidonge vyake. Inasema vinaweza kuleta usingizi, unene na kutetemeka mikono, na mwisho inamwambia mgonjwa amwone daktari haraka akianza kujisikia tofauti. "Tofauti ndiyo niliyoilipia," akasema, na hapo darasa likafunguka. Kulikuwa na kijana nyuma yangu aliyecheka kwa sauti ya mtu anayezijua karatasi hizo. Redio akaeleza wodi, akaeleza kozi zake mbili za useremala, na mama akajiinamia. Akasema ana dada mkaguzi wa mizani ambaye ukimsalimu asubuhi anaandika. Watu wakanitazama. Mimi nilikuwa nimekaza uso, nikipima. Kila alipomaliza neno alinyamaza. Kila kicheko kilipotulia naye alikuwa ametulia. Niliyaona yote hayo na bado sikujiamini, kwa sababu mkono wa mama ulikuwa umeshika mkoba kama mtu aliye tayari kuondoka.

Ndipo akafika kwenye milango.

Akaeleza alivyoing'oa yote saba, na vikombe saba vya skrubu. Akaeleza kwamba alipopelekwa wodini nyumba ilibaki vile mwezi mzima, kwa sababu fundi pekee aliyejua kikombe kipi ni cha mlango upi alikuwa amelazwa. "Vyumbani walitundika shuka," akasema. "Chooni pia wakatundika shuka. Lakini kwenye shuka hubishi hodi. Kwa hiyo mama yangu, mtu mzima, mwenye heshima zake, akawa akiingia chooni anaimba, ili tujue yumo. Na mama anajua wimbo mmoja tu, ule wa kuhesabu wa shule ya msingi. Dada anasema ukimsikia amefika tatu, amefika nne, unajua mambo yanakwenda vizuri. Siku moja akafika tisa. Nyumba nzima ikanyamaza. Akafika kumi."

Akasimama. Alingoja. Nikahesabu moja, mbili, tatu.

"Akaanza upya," akasema.

Hadithi hiyo ni mimi niliyempa. Nilimsimulia wodini siku moja ya kumtembelea, alipokuwa ameshuka na haongei, nikiwa sina kingine cha kusema. Niliisimulia kama taarifa, sikucheka mimi wala yeye. Sasa ikanirudia pamoja na shuka lenyewe, lile la maua ya bluu, na sauti ya mama ikijikaza kwenye "moja" kwa mara ya pili, na mimi nimesimama koridoni na mswaki mkononi. Kitu kikanipanda kutoka tumboni ambacho nilikuwa nimekisahau kwa miaka sita. Nilicheka vibaya. Nilicheka nikainama hadi paji la uso likagusa magoti, machozi yananitoka, pua inanitoka, na miwani ikajaa ukungu nikawa sioni kitu. Nikaivua, nikaanza kuifuta kwa pindo la blauzi.

Nilipoinua uso nikaona rangi tu, na mbele kitu kirefu cheupe ambacho hakisogei. Vicheko vilikuwa vinapungua. Nikasikia maiki ikigonga kreti.

"Asanteni," sauti ya Redio ikasema bila maiki. "Nimeishia hapo."

Nikavaa miwani haraka. Alikuwa ameshatua mguu mmoja sakafuni. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyepewa majibu ya vipimo na anajitahidi asiwasumbue waliompa. Watu wakaanza kupiga makofi ya kubahatisha. Kinyozi akawa amesimama nusu, hajui kama ni sehemu ya kichekesho.

Nikasema hapana, rudi. Redio akatikisa kichwa. Akanikumbusha kwa sauti ndogo kwamba tulipatana kutobishana. Na kweli tulipatana, tulipeana mikono. Ukumbi mzima ulikuwa unatutazama. Njia ya kulirekebisha jambo kimyakimya haikuwepo. Kumwacha ateremke pia niliona siwezi. Nikasimama.

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Kwenye mikutano ya ofisi huwa napeleka maandishi. Nikawageukia wale watu sitini, miwani imekaa upande, nikawaambia kwamba mdogo wangu ana ugonjwa wa akili, kwamba ni kweli, si maneno ya jukwaani. Nikawaambia tulikubaliana nivue miwani nikimwona anaumwa, na kwamba nikivua, hatapanda tena maisha yake. Sikujua kama wananielewa. Kijana wa nyuma yangu alikuwa amefunga mdomo kwa kiganja.

"Niliivua kwa sababu ya machozi," nikamwambia Redio sasa, yeye peke yake. "Miaka sita sijacheka jambo lako hata moja. Kila kitu nakipima kwanza. Leo nimecheka kabla sijapima."

Alikuwa bado na mguu mmoja juu ya kreti, mwingine chini. "Sasa nitajuaje?" akauliza. Hakuuliza kwa ubishi, alitaka kujua. "Kama hukupima, nitajuaje kama mimi ni mzima?"

Hapo ndipo nilipoliona, jambo ambalo wiki tatu za daftari hazikunionyesha. Lilikuwa limesimama mbele yangu, mguu mmoja juu, mwingine chini.

"Umesimama," nikasema. "Katikati ya kicheko kikubwa kuliko vyote. Watu sitini wanacheka, na wewe umemwona mtu mmoja kavua miwani, ukaacha. Siku ile ya tangi walikuita watu ishirini na hukumsikia hata mmoja."

Redio akanitazama. Kisha akageuza shingo taratibu, akaitazama ile chati nyuma yake, alama nyekundu ya pembe nane, akaturudishia macho. Watu wakaanza kucheka wenyewe.

Lakini masharti yalikuwa ya mama, na sote tulijua. Redio akamtazama. Nami nikamtazama. Ukumbi ukafuata macho yetu, na mama akajikuta katikati ya darasa la udereva akitazamwa na watu ambao dakika tatu zilizopita walikuwa wamesimuliwa habari zake za chooni. Alishika mkoba kwa mikono miwili. Nilidhani atainuka. Kwa maisha ya mama, kuinuka ndilo lingekuwa jambo la kawaida.

"Hukusema kweli," akamwambia Redio, kwa sauti ileile anayotugombezea nayo nyumbani. "Ulisema nilianza upya. Nilianza upya mara tatu."

Sijawahi kusikia chumba kikicheka vile. Kinyozi alikaa sakafuni. Mama mwenyewe alibaki na uso mkavu, ila mabega yalikuwa yanamsaliti. Redio akapanda tena, akaokota maiki, na dakika zake nne zilizobaki akazitumia zote. Nusu yake alikuwa kimya, akituangalia.

Sitaki kutia chumvi nikasema ugonjwa uliondoka. Alishuka siku kadhaa baada ya hapo, akapanda jukwaani mara nyingine sita, siku nyingine akichekesha, siku nyingine watu wakimtazama kama taa iliyozimika. Mimi niliendelea kukaa mbele, na miwani yangu nikaifunga kamba ya shingoni ili tusije tukarudia yale. Halafu mwezi wa tano, Jumanne moja asubuhi, akaja ofisini. Macho yalikuwa mekundu. Akaweka bisibisi yake juu ya meza yangu, akaisukuma hadi upande wangu.

"Nishikie hii," akasema. "Huu ni usiku wa pili sijalala, na milango imeanza kunikera."

Nilicheka. Kisha nikaandika kwenye daftari la ofisi kwamba natoka, na mahali pa sababu, ambapo mara mbili zilizopita niliandika shughuli za kifamilia, nikaandika nampeleka mdogo wangu wodi ya magonjwa ya akili. Nikachukua mkoba tukaenda. Njiani aliongea mfululizo bila kunipa nafasi hata ya kuguna, na nilimshika mkono njia nzima. Yule jirani alipouliza jioni kama Redio amekwenda kozi tena, mama alimwambia hapana, amelazwa, anaumwa, na ukitaka kumwona ni saa kumi. Jirani akaenda kumwona. Akapeleka na matunda.

Alikaa siku kumi na nane. Siku aliyorudi tulikula pamoja mapema, jua likiwa bado dirishani. Alikuwa amenenepa mashavuni na mikono inatetemeka kidogo, kijiko kinagonga sahani. Kisha akaanza kutueleza kwamba safari hii kitanda cha pembeni yake alilala jamaa mmoja anayeamini kwamba yeye ni daktari, na kwamba kwa siku tatu za mwanzo alimfuata huyo kwa kila kitu, mpaka daktari wa kweli alipokuja na kusema...

Mama akafuta mikono. Akasogeza kiti, akashika njia ya chumbani.

Nikatazama sahani yangu. Tukasikia kopo likifunguliwa, vidonge vikimwagwa kwenye kisahani, kidole kikivisogeza viwili viwili. Nilipoinua macho nikamwona mdogo wangu hakukasirika wala hakuendelea kula. Alikuwa ameshika kijiko hewani, ameugeukia mlango, anamngojea.

Mama akarudi, akakaa, akavuta kiti karibu na meza.

"Viko sawa," akasema. "Ehe, huyo daktari wa kweli alipokuja akasemaje?"